Subaru ya Pwani ikigoma kwenye baridi ya bara: ubadili spea, utyuni upya, au urudishe vya kiwandani?

Mwezi wa Julai, alfajiri ya Mombasa ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Alfajiri hiyo hiyo kule Limuru kipimo kinaweza kusoma 10, na siku nyingine chini yake. Sasa chukua gari lililotiwa turbo kubwa (pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), likabadilishwa bomba la moshi, likatyuniwa, yaani majedwali ya kompyuta yake yakaandikwa upya, pale Shimanzi saa nane mchana fundi akijifuta jasho. Gari hilo halijui baridi. Ulipandishe bara, ulilaze nje ya gesti, kesho yake utapiga stata mpaka wapangaji wafungue madirisha. Au litawaka na kuzimika, liwake na kuzimika. Au litamisi dakika za mwanzo, silinda nyingine zikikosa kuwaka, litikisike, litoe moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi, kisha mshale wa joto ukipanda litulie kana kwamba hakuna lililotokea. Ukishuka mpaka Voi hata wewe unaanza kujiuliza kama hukuota. Fundi wa nyumbani analipiga stata mara moja, linawaka, anakuangalia.

Ushauri utakaopewa barazani ni wa namna tatu. Mmoja atakwambia ni spea: plagi, koili, sensa, badilisha. Wa pili atasema ni tyuni, rudi kwa aliyeiandika. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni mzee aliyewahi kuendesha gari kama lako likiwa zima, atasema rudisha vitu vya kiwandani uache uchokozi. Kila ushauri una watu uliowafaa na watu walioteketeza pesa kwa kuufuata. Nauweka hapa bega kwa bega kwa mwenye Impreza WRX, Forester ya turbo, Lancer Evolution au gari lolote la ukoo huo ambalo halipo tena kama lilivyoshuka Kilindini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute mpaka chini: kama injekta zako, zile zinazopuliza petroli ndani ya injini, bado ni za kiwandani, anza na spea. Kama umebadilisha injekta, anza na tyuni. Kurudisha vya kiwandani ni kipimo kizuri kuliko ilivyo dawa.

Kwanza hakikisha ni baridi

Limuru iko kama mita 2,200 juu ya bahari, Naivasha karibu 1,900. Gari likigoma huko lina mashtaka mawili, baridi na mwinuko, na watu huyachanganya. Utasikia mtu akieleza kwa uhakika kwamba hewa ya baridi ni nzito, inaingia nyingi, petroli inashindwa kuifuata. Hesabu inamkatalia. Kutoka nyuzi 28 hadi 10 hewa inaongezeka uzito kwa asilimia 6 hivi. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 2,200 shinikizo la hewa linapungua kwa asilimia 23 hivi. Ukiziweka pamoja, silinda inayovuta hewa yenyewe bila kusukumiwa inapata pungufu ya karibu moja ya tano ya ile iliyokuwa ikipata Nyali. Turbo hufidia, lakini pale tu inapozunguka kwa nguvu. Wakati unapiga stata turbo haisukumi kitu.

Kwa hiyo angalia saa na joto la injini. Shida inayokuja asubuhi peke yake, ikakaa dakika chache, ikaondoka mshale wa joto ukifika katikati, hiyo ni ya baridi. Shida inayokuja saa saba mchana injini ikiwa ya moto, gari zito, turbo inachelewa kushika, moshi mweusi ukikanyaga, hiyo ni ya mwinuko, na ulinganisho huu hautakusaidia sana. Yapo magari yenye zote mbili. Na kuna mgonjwa wa tatu anayejifanya wa baridi: unyevu. Kama gari hilo hilo humisi Mombasa asubuhi baada ya mvua ya usiku, kagua koili na mipira yake kabla ya kuisingizia Limuru.

Kinachotokea dakika za mwanzo

Petroli haiungui ikiwa maji, inaungua ikiwa mvuke. Kwenye chuma baridi, sehemu kubwa ya kinachopulizwa na injekta hujibandika ukutani mwa njia ya hewa badala ya kugeuka mvuke. Ndiyo maana kompyuta humwaga petroli ya ziada, na kiasi cha ziada hiyo huamuliwa kwa kusikiliza sensa moja ndogo, ile ya joto la maji. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi bado imelala wakati huo, maana haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 na zaidi. Kompyuta inamwaga petroli kwa kufuata majedwali iliyoandikiwa na haina wa kuikosoa. Jedwali likiwa na kosa, au sensa ikidanganya, hakuna kinachorekebisha. Oksijeni ikiamka, inaanza kusahihisha na kosa linafunikwa. Huo ndio ujanja wote wa ugonjwa huu, na ndiyo sababu fundi wako wa Mombasa hauoni.

Njia ya kwanza: spea

Ubaya wake unajulikana. Plagi leo, koili Ijumaa, pampu ya petroli mwisho wa mwezi, na gari liko vile vile. Uzuri wake ni kwamba kwenye gari la Pwani kuna vitu vichache vyenye hatia mara nyingi sana, na kuvikagua ni kazi ya nusu siku.

Betri iko mbele. Joto letu ndilo linalochakaza betri, baridi inafichua tu. Betri iliyochoka Mombasa bado inazungusha injini kwa sababu oili ni nyepesi na chuma ni cha vuguvugu. Bara oili imekuwa nzito na betri yenyewe inatoa kidogo. Weka maltimita: ikiwa imelala usiku kucha bila kuguswa, betri nzima husoma volti 12.6 hivi, na wakati wa kupiga stata isianguke chini ya 9.6. Kama betri yako imehamishiwa buti, pima tena kwenye stata yenyewe, maana waya mrefu mwembamba na ethi (waya wa kurudishia umeme kwenye bodi) iliyoliwa na chumvi ya bahari hula volti njiani. Hili lina uzito zaidi kwenye gari lililobadilishwa: volti zikishuka injekta nazo huchelewa kufunguka, kwa hiyo betri dhaifu inaweza kuonekana kama tyuni mbovu.

Kwenye themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nitakaa kidogo. Mombasa kuna desturi ya kuing'oa. Gari linachemka kwenye foleni ya Makupa au likisubiri feri Likoni, fundi anaitoa, maji yanazunguka bila kizuizi, joto linashuka, kila mtu anafurahi. Kwa hali ya hewa yetu injini bado inafikia joto lake la kazi, ingawa kwa kuchelewa. Bara haifikii. Upepo wa asubuhi unapiga rejeta, maji yanabaki nyuzi 50 au 60, na kompyuta inaamini kwamba injini bado inapashwa. Inaendelea kumwaga petroli ya ziada safari nzima. Plagi zinapata masizi, petroli inateremka na kuchanganyika na oili, na asubuhi ya pili kuwaka ni shida kuliko ya kwanza. Kwenye skana unaweza kukuta msimbo P0128, au uone tu joto la maji linalozurura chini ya 70 wakati themostati nyingi za magari haya hufunguka kati ya nyuzi 76 na 82. Hakuna tyuni itakayoponya hilo. Fundi wa tyuni anayejua kazi yake hatagusa kompyuta ya gari lisilo na themostati. Na kama gari linachemka Mombasa likiwa nayo, mwenye kosa ni rejeta, feni au kifuniko cha rejeta, na huyo ndiye wa kutengenezwa.

Kisha plagi, ambako gari lililobadilishwa lina tatizo ambalo gari zima halina. Aliyekuongezea turbo alikuwekea plagi baridi zaidi, na alifanya sawa. Kwenye namba za NGK, kadiri namba inavyopanda ndivyo plagi inavyokuwa baridi: 6, 7, 8. Denso wana namba zao, 20, 22, 24, zinazolingana na hizo. Plagi baridi hutoa joto haraka isije ikawasha petroli kabla ya wakati ukikanyaga. Lakini plagi hujisafisha masizi yenyewe ikipata joto la nyuzi 450 na kuendelea, na namba 8 kwenye injini baridi inayozunguka taratibu mjini haifiki huko. Inajaa masizi meusi makavu kama ya chini ya sufuria ya kuni, na cheche inapita kwenye masizi badala ya kuruka.

Ukilinganisha: namba 6 inawaka vizuri baridi, inapashika haraka, lakini kwa turbo iliyoongezwa sana unaichezea injini. Namba 7 ndiyo ya mtu anayeendesha gari kila siku na kukanyaga Jumapili. Namba 8 ni ya mashindano, na ukikutana na mtu aliyeiweka kwenye gari la kwendea kazini, muulize alishauriwa na nani. Nafasi ya cheche nayo: kwa turbo iliyoongezwa wengi huishusha hadi karibu milimita 0.7, maana pana zaidi huzimwa na shinikizo. Ukiibana kupita kiasi, cheche inakuwa ndogo na petroli iliyolowa ya asubuhi inaishinda.

Sensa ya joto la maji unaweza kuikagua mezani kwako, Mombasa hapa hapa, bila kupanda bara. Ing'oe injini ikiwa imepoa, ziba tundu maji yasimwagike. Itumbukize kwenye glasi ya maji na barafu pamoja na kipimajoto, ushike nyaya za maltimita kwenye miguu yake miwili. Magari mengi ya Kijapani husoma kiloomu 5 hadi 6 kwenye nyuzi sifuri, kiloomu 2 hadi 3 kwenye 20, na kama 0.3 kwenye 80. Acha barafu iyeyuke, ongeza maji ya moto kidogo kidogo, tazama namba ikishuka. Inatakiwa ishuke taratibu, bila kuruka. Sensa inayodanganya kwenye baridi peke yake inajifichua hapa: kwenye nyuzi 28 ni mwadilifu, chini ya 15 namba inaganda au inaruka. Kabla ya kununua mpya, chungulia soketi yake. Kutu ya kijani huongeza ukinzani, na kompyuta husoma ukinzani mkubwa kama baridi kali. Injini iko 80, yeye anaiona 60, anamwaga petroli. Nimeona soketi za namna hiyo nyingi kuliko sensa mbovu zenyewe.

Mipira ya hewa na klipu zake sitaisemea mengi. Mpira uliokauka kwa joto husinyaa kwenye baridi na kuvuja, kisha hujiziba ukipashika. Jaza hewa kwenye njia ya turbo, pitisha maji ya sabuni, tafuta mapovu. Fanya hivyo alfajiri, gari likiwa halijawashwa.

Njia ya pili: kutyuni upya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea na hapa hapa ndipo baadhi ya magari hupona moja kwa moja.

Kompyuta ya gari ina majedwali yanayosomwa kwa joto la maji: petroli ya kupigia stata, petroli ya ziada ya sekunde baada ya kuwaka, petroli ya kupasha, kasi ya injini isipokanyagwa, na muda wa cheche. Kila moja lina safu kuanzia chini ya sifuri mpaka juu ya 100. Fundi akityuni Mombasa, gari likiwa limeegeshwa kivulini, sensa inasoma 28 au 30 na kupanda. Zile safu za 20, 10 na 0 hazijaguswa na mtu. Ama zimebaki za kiwandani, ama amezikisia.

Ukiwa na injekta za kiwandani, safu za kiwandani zinafanya kazi. Watengenezaji walizijaribu kwenye theluji ya Japani, na nyuzi 10 za Limuru kwao ni asubuhi ya kawaida. Ndiyo maana nasema mwenye injekta za kiwandani aanze na spea. Sasa mtu katoa injekta za 550, katia za 1000, namba hizo zikiwa ni ujazo wa petroli zinayoweza kupitisha kwa dakika. Fundi anabadilisha ile namba moja inayoeleza ukubwa wa injekta, na majedwali mengi yanajirekebisha yenyewe. Lakini kompyuta za Subaru huandika petroli ya kupigia stata kwa milisekunde, yaani muda injekta inaokaa wazi, na jedwali hilo halijali ile namba. Asiyelipunguza kwa mkono, gari linamwaga karibu mara mbili ya petroli kila stata. Mombasa muda huo ni mfupi na injini ni ya vuguvugu, linakohoa kidogo linawaka. Limuru muda ni mrefu zaidi kwa sababu ya baridi, na mara mbili ya mrefu ni mafuriko: plagi zinalowa, basi.

Ukiwa na gari la namna hiyo, kununua plagi mpya ni kununua plagi za kulowesha.

Ugumu wa kutyuni baridi ni kwamba unapata nafasi moja kwa usiku. Injini ikishawaka imepashika, na mpaka irudi kwenye nyuzi 10 inabidi ilale. Fundi akibadilisha jedwali asubuhi, atajua kama amepatia kesho. Mashine ya kupimia nguvu haisaidii hapa, maana kazi yake ni injini ya moto iliyokanyagwa mpaka mwisho, na mtu akikuonyesha karatasi ya nguvu za farasi kama ushahidi kwamba tyuni ni nzuri, swali lako bado halijajibiwa.

Basi nani akutyunie? Fundi wa Mombasa anaijua injini yako na yuko karibu ukimhitaji, lakini baridi hana. Anaweza kuidanganya kompyuta kwa kuweka sensa kwenye barafu gari likiwa limeunganishwa, na hilo linaonyesha kama jedwali lina kosa la wazi. Halionyeshi zaidi, kwa sababu chuma chenyewe bado kina nyuzi 28 na petroli inageuka mvuke bila taabu. Fundi wa Nairobi ana baridi ya kutosha mwezi wa Julai, lakini lazima gari lilale kwake siku kadhaa, na wewe ulale mahali. Njia ninayoipendekeza ni ya tatu: unaenda bara kwa shughuli zako, unabeba kompyuta mpakato na waya, kila alfajiri unarekodi stata ya kwanza na dakika zinazofuata, unamtumia fundi wako wa Mombasa, anakurudishia jedwali lililorekebishwa usiku huo. Inataka fundi anayejua kusoma rekodi, na inataka wewe usiguse gari usiku. Wengi hushindwa kwenye hilo la pili.

Usiruhusu mtu atyuni gari lenye betri dhaifu, soketi yenye kutu au themostati iliyong'olewa. Ataandika majedwali ya kufidia ugonjwa, na siku utakapotengeneza ugonjwa majedwali ndiyo yatakuwa ugonjwa.

Njia ya tatu: kurudisha vya kiwandani

Wengi huiona hii kama kushindwa, na wanakosea. Baadhi ya vitu vinarudishwa kwa saa moja na vinakupa jibu ambalo skana haikupi.

Valvu ya turbo inayotoa hewa nje kwa mlio ndiyo ya kwanza. Sensa ya hewa imeshaihesabu hewa hiyo, kompyuta imeshaitolea petroli, na wewe umeimwaga barabarani ili wapita njia wageuke. Kwenye injini baridi ambayo tayari ina petroli ya ziada, ukiachia mguu inazimika. Rudisha ya kiwandani, inayorudisha hewa ndani, uone asubuhi moja. Bomba pana la kuvutia hewa ni la pili: sensa ya hewa ilipimwa kwa bomba la kipenyo fulani, na ukipanua bila kutyuni inasoma pungufu. Hewa ikiwa kidogo, injini isipokanyagwa, namba inayumba. Kama gari limetyuniwa kwa bomba hilo pana, usilirudishe peke yake, utaharibu hesabu upande wa pili.

Turbo na injekta siziweki kwenye njia hii. Kuzirudisha ni kazi nzito inayotaka tyuni nyingine, na ukifika huko umeshaingia njia ya pili kwa mlango wa nyuma.

Ukiwa umesimama mbele ya gari

| Unachokiona asubuhi | Elekea |
|---|---|
| Stata inazunguka kwa uzito, taa zinafifia | Betri, ethi, waya |
| Stata kali, harufu ya petroli, plagi zimelowa | Injekta kubwa: tyuni. Za kiwandani: sensa ya joto na soketi yake |
| Plagi zina masizi makavu, gari linamisi | Namba ya plagi, themostati |
| Linawaka, linazimika ukiachia mguu | Valvu ya kutoa hewa nje, kisha uchafu kwenye njia ya hewa inayotumika injini isipokanyagwa |
| Linawaka, linayumba, plagi nyeupe, msimbo P0171 | Hewa inavuja |
| Mlio wa kugonga unaoisha likipashika | Soma aya inayofuata kabla ya kuogopa |

Pistoni za kufua zina nafasi kubwa zaidi na ukuta wa silinda kwa sababu hupanuka zaidi zikipata moto. Zikiwa baridi hugonga, na hilo likiisha baada ya dakika chache ni tabia yake. Kwenye pistoni za kiwandani mlio huo ni habari nyingine. Na mlio wowote unaoongezeka likipashika, zima.

Kuhusu oili, mabishano ni makubwa kuliko tofauti. 20W-50 inayopendwa Pwani haigandi Limuru, kipimo cha W chake hufanywa kwenye baridi ambayo Kenya haijui. Ila inachelewa kufika kwenye turbo na inaipa stata kazi zaidi kuliko 5W-40. Anayepanda bara mara moja kwa mwaka abaki na yake kama injini imejengwa kwa oili hiyo. Anayepanda kila mwezi na fundi wake hana pingamizi, 5W-40 ina faida asubuhi.

Skana nayo. Kale kadogo kanakounganishwa na simu kanatosha kwa gari jipya. Kwa Subaru na Evolution za zamani za soko la Japani mara nyingi hakasomi kitu, kwa sababu magari hayo yalikuwa na lugha yake kabla ya kufuata mfumo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Ukikosa kusoma, usidhani kompyuta imekufa. Tafuta mwenye waya na programu ya gari hilo. Na msimbo ukipatikana uusome kama dalili. P0300 inasema gari linamisi, jambo ambalo wewe ulishalijua.

Nani achague nini

Gari lenye bomba la moshi na tyuni nyepesi, injekta zake za kiwandani: betri, themostati, soketi, plagi, kwa mpangilio huo. Nusu siku ya kazi kabla ya safari. Kutyuni upya hakukuhusu mpaka hivyo vinne viwe vimekaguliwa.

Gari lenye injekta kubwa lililotyuniwa Pwani: kagua betri na themostati, kisha mwulize fundi wako swali moja, je, jedwali la kupigia stata ulilipunguza? Akisita, umepata jibu lako. Anza kupanga alfajiri za kurekodi.

Gari ulilonunua likiwa limeshabadilishwa na hujui kilichofanywa ndani: hapo rudisha valvu, rudisha namba ya plagi inayofaa, na soma kwanza namba zilizochorwa kwenye injekta kabla hujalipa mtu yeyote. Gari la aina hii ndilo linaloleta gharama kubwa, kwa sababu kila fundi anatengeneza gari analolidhani.

Na kama unasoma haya uko bara, saa kumi na mbili asubuhi, gari limeshalowa petroli: kanyaga kichapuzi mpaka chini, ukishikilie hapo, upige stata sekunde chache. Magari mengi ya injekta hukata petroli kwa namna hiyo na kupitisha hewa tupu. Likianza kukohoa, achia taratibu. Likikataa baada ya mara mbili tatu, pumzisha stata, ng'oa plagi uzikaushe, uache matundu wazi kidogo petroli itoke. Likishawaka usilikanyage kulipasha, oili bado haijafika vizuri kwenye turbo. Liache lizunguke lenyewe, andika joto la maji lilipowaka na ni baada ya stata ngapi, na ukifika Mombasa badilisha oili hiyo, maana petroli iliyoosha kuta za silinda imeishia humo.